Koti ya Cikuru Katika Sinema

HYACINTHE: Haloo? Haloo! Nani huyu? Hii namba siijui.

CIKURU: Ni miye.

HYACINTHE: Miye nani? Mu Amerika bamiye ni bengi.

CIKURU: Mudogo yako! Cikuru, wa Columbus. Napigia ku telefone ya mutoto. Yangu nimeizima tangu jana.

HYACINTHE: Aah, baba Gloire! Bwana asifiwe!

CIKURU: Amina. Koti yangu iko wapi?

HYACINTHE: Jambo kwanza, mudogo yangu. Mulilala muzuri? Mama Gloire yuko? Ku kanisa muli—

CIKURU: Tulilala, yuko, ku kanisa tulienda. Koti, mukubwa. Koti yangu ya kahawia. Niliitafuta tangu Bonane, sikukuu ya mwaka mupya, ya mwaka juzi. Nilitafuta ku kazi, nilitafuta ku kanisa, nilifikiri hata vibaya juu ya batu ba Mungu. Ukaniambia, hapa Buffalo haiko.

HYACINTHE: Nilisema haiko? Bon... siku ile pengine haikukuwa mbele ya macho yangu.

CIKURU: Jana njo nimeiona.

HYACINTHE: Wapi?

CIKURU: Usiniulize wapi! Mu sinema! Gloire alitupeleka. Niko nimekaa mu sale ya chuo, katikati ya bazungu, Gloire ku mukono wa kuume, mama yake ku mukono wa kushoto, banakula mahindi ya kupasuka. Koti yangu ikatokea ku ukuta, kubwa kama nyumba! Kile kifungo cha katikati, chenye mama Gloire alishonaka na uzi mwekundu kwa sababu uzi mweusi ulikuwa umeisha, kilikuwa kama sahani ya ugali! Nikasimama. Nikasema kwa sauti, «Ile ni koti yangu!»

HYACINTHE: (anacheka) Kwa Kiswahili?

CIKURU: Kwa Kiswahili. Bazungu bakapiga makofi. Balifikiri ni sehemu ya filme.

HYACINTHE: (anacheka sana, anakohoa) Eh Mungu wangu. Nikimwambia Monsieur Rosaire hii, atataka kuitia ndani.

CIKURU: Usicheke! Pembeni ya koti nikaona mukubwa yangu mwenyewe, tumbo mbele, kofia ku kichwa, anatoa mutoto yangu ku ndoa! Na mbele yako nani? Marcellin. Marcellin na mutoto yake Eliezer. Hapo nilitoka. Sikungoja mwisho.

HYACINTHE: Ulitoka?

CIKURU: Nilitoka.

HYACINTHE: Kwa hiyo hukumusikia Marcellin akiongea?

CIKURU: Sina haja ya kumusikia. Na tangu jana batu ba Louisville banapiga telefone bila kupumuzika. Rutebuka alinipigia, anasema, «Hongera, mukwe wetu.» Mukwe! Njo maana nimezima telefone. Sasa nieleze, mukubwa. Ile ilikuwa muchezo ama ilikuwa kweli? Juu weye si mutu wa njiani. Weye njo mukubwa wa jamaa. Maneno yako ikisha kutoka, maji imemwagika, nani ataizoa?

HYACINTHE: Swali muzuri. Ngoja nikae. (kiti kinalia) Kwanza, uko umevaa nini?

CIKURU: Hee?

HYACINTHE: Nauliza tu. Uko umevaa nini?

CIKURU: Niko na pijama. Leo ni siku yangu ya kupumuzika.

HYACINTHE: Vaa suruali, baba. Mutu haongei mambo ya ndoa na pijama.

CIKURU: Weye una wazimu.

HYACINTHE: Vaa. Miye nakuelezea, weye unavaa. Na ile shati nyeupe. Donc, ili uelewe ile siku, inapashwa umujue kwanza yule Monsieur Rosaire, mwenye kutengeneza filme. Rosaire Thivierge. Ni mukubwa sana huyu, mudogo yangu. Mu Canada ya Kifaransa hata batoto banamujua.

CIKURU: Simuhitaji. Nahitaji—

HYACINTHE: Bila yeye hutaelewa koti! Alizaliwa kule juu, kijiji ya miti na teluji, kaskazini ya Québec. Baba yake alikuwa mukata miti. Alitaka mutoto abebe msumeno kama yeye. Mutoto akakimbia na kamera, akaenda Montréal. Kisha akarudi ku kijiji, akafanya filme ya kwanza juu ya bale bakata miti, na sura zao, na Kifaransa yao. Hiyo Kifaransa, weee! Siku ya kwanza aliniongelesha nilifikiri ana chakula mu kinywa.

CIKURU: (anacheka kidogo, anajizuia) Endelea.

HYACINTHE: Banaonyesha filme mu sale ya kanisa. Kijiji muzima imekuya. Baba yake je?

CIKURU: Hakukuya.

HYACINTHE: Alikuya! Lakini hakuingia. Alibakia inje mu gari, moteri inawaka, taa zinamulika mulango, mupaka filme ikaisha. Kisha akarudi nyumbani. Rosaire akasema, bon, ya pili ataingia. Kabla ya ile ya pili, baba akakufa.

CIKURU: Pole yake.

HYACINTHE: Tangu pale, kila filme yake mupya ikionyeshwa, anaacha kiti moja mbele, hakuna mutu wa kukikalia. Hata jana hapo Columbus kilikuwako. Hukuona kiti wazi ku mustari wa kwanza?

CIKURU: Niliona. Nilitaka hata kwenda kukaa pale, Gloire akanivuta shati. Sikujua— (mtandao unakwaruza) —aloo?

HYACINTHE: Niko! Hapa Buffalo upepo unatoka ku ziwa, mutandao inatetemeka nayo. Umevaa?

CIKURU: Suruali nimevaa. Lakini—

HYACINTHE: Na viatu. Donc, filme ya pili. Anataka kuonyesha ubatizo. Bengine banatafuta mutu wa kuvaa kanzu ya padri. Yeye anatafuta padri. Padri wa kweli, maji ya kweli, mutoto wa kweli. Mutoto akabatizwa mbele ya kamera, leo ni mwanamuke muzima, jina yake ni lile lile ya filme. Ya tatu, bakamupa zawadi kubwa kule Ulaya. Batu bote na suti, yeye akapanda kuipokea na buti ya teluji. Kisha Los Angeles bakamuita, afanye filme ya helikopta.

CIKURU: Helikopta njo nzuri.

HYACINTHE: Yeye haikumufurahisha. Anasema balimupa mwanamuke mwenye kulia vizuri. Akalia mara ya kwanza, bakasema rudilia. Akalia tena. Rudilia. Rosaire aliniambia, machozi ya mara ya kumi ni maji ya bomba. Akaacha helikopta zao, akarudi kwao, akakaa miaka mingi bila kushika kamera. Batu bakasema ameisha.

CIKURU: Sasa mutu mukubwa hivyo, West Side yenu alifuata nini?

HYACINTHE: Tairi! (anacheka) Tairi lilipasuka. Alikuwa anakwenda kumutembelea rafiki, alivuka tu ile daraja ya Canada, tairi ikapasuka mbele ya kanisa yetu. Siku ya yenga, siku ya ibada. Sisi tuko tunaimba. Alikuya kuomba musaada, akakaa ku benchi ya nyuma mupaka mwisho wa ibada, na wimbo zetu unazijua, haziishake upesi. Kisha akaniuliza kwa Kifaransa, «Mzee, mukiolesha mutoto munasema nini?»

CIKURU: Na weye kinywa chako—

HYACINTHE: Na miye kinywa changu. Nikamueleza. Akasema, nataka hiyo. Usiandike kitu, usijifunze kitu. Ufanye kama ku nyumba. Nitaipiga mara moja tu. Mara moja, Cikuru! Hakuna kurudilia.

CIKURU: Na njo ukamuchagua Gloire? Gloire yangu? Aliniambia anakuya Buffalo kukutembelea, akusaidie mambo ya dawa zako.

HYACINTHE: Dawa pia alisaidia. Ni mutoto muzuri.

CIKURU: Mukubwa.

HYACINTHE: Bon. Miye sikumuchagua. Alijichagua. Rosaire alisema, anahitaji musichana na kijana benye kupendana kweli, juu yeye anaangaliaka mikono, anajua uongo hata mu luga yenye haisikii. Gloire akasema, «Baba mukubwa, beko hapa.» Na nikamuona Eliezer anatoka ku basi ya Louisville, na nyuma yake baba yake.

CIKURU: Unajua nilimwambia Gloire mwaka jana. Mutoto wa Marcellin hataingia mu nyumba yangu. Eliezer sina shida naye. Ni kijana wa kazi, wa adabu, ananiamukia kila Bonane hata nikimunyamazia. Shida ni baba yake.

HYACINTHE: Najua.

CIKURU: Hujui. Weye ulikuwa umeisha kuya Amerika. Ile kwaya mu kambi ya bakimbizi, tuliianzisha sisi babili. Miye sauti ya kwanza, yeye ya pili. Tulikula sahani moja. Siku ya sikukuu ya kwaya, batu bamejaa, tunamungoja aanzishe wimbo. Tunangoja. Mutoto moja akakuya mbio, anasema, «Papa Marcellin ameisha kupanda basi ya benye kwenda Amerika.» Alienda bila kuniaga, mukubwa! Mutu hata akienda ku soko anaaga. Niliimba sauti ya kwanza peke yangu, mbele ya batu.

HYACINTHE: Pole, mudogo yangu. Ngoja, kuko mutu ananipigia ku hii ingine. Usikate! (kwa mbali) Oui... eh... Grove City? Bon, endelea, endelea, usikimbize. (anarudi) Niko.

CIKURU: Nani yuko Grove City?

HYACINTHE: Hee?

CIKURU: Grove City ni hapa, karibu na miye. Nani yuko Grove City?

HYACINTHE: Ah... Gaspari. Yule wa malori. Banamutuma kila mahali. Uliniuliza juu ya koti!

CIKURU: Ndiyo! Koti!

HYACINTHE: Tumepanga viti. Upande wa Marcellin, upande wetu. Kiti ya baba wa musichana iko wazi. Nikaanza kuongea. Rosaire akasema, «Non. Unacheza.» Aliona mikono yangu inaangalia kile kiti. Kweli, nilikuwa naona haya. Nitaongeaje juu ya mutoto yako, na weye hauko? Marehemu baba yetu alifanyaka nini, siku aliolesha dada yetu na shangazi alikuwa mugonjwa?

CIKURU: (polepole) Alitandika kitenge ya shangazi ku kiti yake.

HYACINTHE: Alisema nini?

CIKURU: Alisema, nguo ya mutu imekaa, mwenyewe amekaa.

HYACINTHE: Njo hiyo. Nikaenda nyuma ya mulango yangu, koti yako iko pale tangu Bonane—

CIKURU: Ahaa! Iko pale! Ulisema haiko!

HYACINTHE: —nikaivalisha kiti. Nikafunga kifungo chenye uzi mwekundu. Rosaire akaniuliza ni nini. Nikamueleza. Yule muzee, Cikuru, alitoka inje bila kofia, na ile baridi yetu, akasimama mu teluji. Tukafikiri amekasirika. Kumbe analia. Akarudi, akafuta macho, akasema, «Sasa.» Kamera ikawaka. Na miye nikaongea kweli. Sitakudanganya. Nilisahau kama kuko kamera.

CIKURU: Kwa hiyo umemuolesha.

HYACINTHE: Nimefanya nusu yangu. Nusu yako iko kwako, na Gloire anajua. Ulimuona hata pete? Hana. Aliniambia, «Baba mukubwa, bila neno ya papa siendi.» Mwaka muzima na zaidi beko banangoja, yeye na Eliezer. Kama unakataa, atabaki hapo ku nyumba yako, atakuheshimu, hatasema kitu. Utamuona tu.

CIKURU: Leo anapika tangu asubuhi. Sombe, samaki, maharagi, mupunga sufuria mbili. Kama kuko karamu. Namuuliza, wageni ni nani? Ananijibu, «Nobody, Daddy.» Mama yake ametandika kitambaa ya Noeli ku meza.

HYACINTHE: Pengine bana njaa.

CIKURU: Sufuria mbili?

HYACINTHE: Gloire anakuwaka na njaa sana. Sikiliza, sikukueleza Marcellin alisema nini. Tulimaliza, nimebariki, Rosaire alipashwa kusema stop. Hakusema. Anaangalia Marcellin. Marcellin amesimama, anaenda mbele ya kiti yako, anapiga magoti—

CIKURU: Marcellin? Na ile goti yake mbaya?

HYACINTHE: Na ile goti yake mbaya. Anashika mukono wa koti. Anasema, «Cikuru, dossier yako ya kwenda Amerika ilikuwa mbele ya yangu. Weye uliingia mu kambi mbele yangu, ulingoja kunipita. Bakaita jina yangu. Niliona haya. Ningekuaga na macho gani? Nilikuya mupaka ku mulango yako usiku ule, nikasikia unafundisha batoto ile wimbo yetu, nikarudi. Tangu nafika Louisville, sauti ya pili siimbake tena. Balinifundisha ya tatu.»

(Mtandao unakwaruza. Kimya.)

HYACINTHE: Haloo? Cikuru?

CIKURU: Niko.

HYACINTHE: Nilifikiri mutandao.

CIKURU: Si mutandao. (anapenga mafua) Alikuya ku mulango?

HYACINTHE: Njo alivyosema. Mbele ya batu, mbele ya kamera, bila mutu kumuuliza. Rosaire hakuelewa hata neno moja. Nilipomutafsiria, alisema filme inaishia pale. Jana ungengoja kidogo tu, ungeisikia na masikio yako. Bazungu bote bamelia, Gloire aliniambia. Yeye amekaa katikati ya kiti mbili, ya weye wazi upande huu, na kule mbele ile ya baba wa Rosaire.

CIKURU: Sasa umenifananisha na yule muzee wa mu gari.

HYACINTHE: Miye? Miye nimekuelezea tu maisha ya mutu mwenye kutengeneza filme.

CIKURU: Weye ni mujanja tangu utoto. Na miye hata viatu nimevaa, sijui juu ya nini. Mukubwa, telefone ya mutoto chaji inaisha. Sema upesi. Koti sasa iko kwako?

HYACINTHE: Hapana.

CIKURU: Haiko?!

HYACINTHE: Marcellin aliniomba. Alisema ataibeba yeye mwenyewe, akurudishie ku mukono. Ilikuwa nyuma ya mulango yake mu Louisville muda wote huu. Kila asubuhi akienda kazi ku fabrike mu Jeffersontown, anaiona, anasema, yenga hii nitaenda. Yenga ikifika, anaogopa. Lakini jana Gloire alimupigia. Alimwambia umetoka mbele ya mwisho. Akasema, bon, kama hakusikia mu filme, inapashwa nimuambie mu sura.

CIKURU: (polepole) Hyacinthe. Nani yuko Grove City?

HYACINTHE: Milima haikutanake, mudogo yangu. Batu njo banakutanaka.

CIKURU: Nani yuko Grove City!

HYACINTHE: Grove City hakuna mutu tena. Na vile tumeongea, beko—

CIKURU: Ngoja. Kuko gari inje.

HYACINTHE: Shati imefungwa vizuri?

CIKURU: Wee nyamaza. Naangalia ku dirisha. Gloire amekimbia inje na ndala, mu baridi hii. Eliezer amebeba kreti ya soda. Na... eh, mukubwa.

HYACINTHE: Unaona nini?

CIKURU: Naona koti yangu.

HYACINTHE: Ameivaa?

CIKURU: Hapana. Ameibeba ku mikono miwili, kama mutoto wa kubatizwa. Amezeeka, Marcellin. Nywele yote nyeupe.

HYACINTHE: Na weye unafikiri yako ni ya rangi gani?

CIKURU: Amesimama mu kiwanja. Hakaribie. Anaangalia mulango.

HYACINTHE: Usimuache inje, Cikuru.

CIKURU: Simuachi. Telefone inalia pip pip, chaji ni moja. Nikate?

HYACINTHE: Kata— hapana, usikate! Weka mu mufuko! Acha nisikie!

CIKURU: Haya, iko mu mufuko. (mlango unafunguka, sauti yake iko mbali) Marcellin! Uliendaka bila kuniaga. Simama, simama, usipige magoti mu majani baridi, goti yako hiyo. Leta koti. Eeh, kifungo kiko. Ingia, mukwe wangu. Safari hii utaniaga, lakini utaniaga kesho, juu kuko sufuria mbili.

HYACINTHE: Haloo? Mama Gloire, nasikia vigelegele! Pigeni ingine! Haloo? Marcellin, ile sauti ya pili, usianze juu sana! Anza chini, anza chi— haloo? Haloo!